Menyu inaonekana, filamu inagoma

Wiki iliyopita niliitwa na bibi mmoja mwenye nyumba ya wageni Shangani. Shikamoo haijafika mwisho, keshaanza: "Mwanangu, tivii ya 4K hii, wageni wananinunia. Nishanunua waya wa tatu." Nikawasha. Menyu ikaja safi kabisa. Nikabonyeza filamu: kioo cheusi, sauti inakwenda zake.

Waya wa HDMI, huu unaobeba picha na sauti hadi kwenye tivii, ukiwa mbovu, mara nyingi kasoro utaiona hata kwenye menyu. Picha itakatikakatika, au vidoti vyeupe vitamwagika kama chembe za chumvi. Menyu ikiwa safi na filamu ikagoma, wa kwanza kumshuku ni HDCP, ulinzi wa kuzuia kunakili uliobuniwa na Intel.

Ni mambo ya hodi. Kisanduku kinachocheza filamu kinapiga hodi, tivii inaitikia kwa funguo zake za siri, kisha picha inasafirishwa ikiwa imefungwa kwa msimbo. Filamu ikiendelea, bado wanahakikiana. Chochote kilichokaa katikati, kama splita inayogawa picha kwenda tivii zaidi ya moja, nacho lazima kiitikie. Na kuna ugomvi wa umri: filamu za 4K kwa kawaida hudai toleo la HDCP 2.2, wakati vifaa vya zamani vinaishia toleo la 1.4.

Nikapapasa nyuma ya tivii. Waya ulipitia splita nyepesi kama kiberiti, aliyouziwa ili picha ifike na ukumbi wa juu. Nikaichomoa, nikaunga moja kwa moja. Bado giza! Nikachukua tochi ya simu nikasoma maandishi ya matundu. Tivii yenyewe ilikuwa mpya kwake tu, ilishatumika Dubai, na tivii nyingi za 4K za mwanzo zina 2.2 kwenye baadhi ya matundu, si yote. Nikahamisha waya tundu la pili. Filamu ikatoka.

"Kumbe tundu! Na nyaya zangu tatu?" Nzima zote, bibi. Ukumbi wa juu unasubiri splita yenye 2.2. Asiye na subira ashushe picha ya kisanduku kutoka 4K hadi 1080p, yaani HD ya kawaida. Mara nyingi hapo hata 1.4 inatosha.

Umeme ukikatika na kurudi, vifaa vyote huamka pamoja, na kisanduku huweza kupiga hodi tivii ikiwa bado usingizini. Zima vyote ukutani, washa tivii kwanza, halafu splita, kisanduku mwisho. Wenye projekta kuukuu za VGA, lile tundu la picha la zamani, nawaambia mapema: VGA haina HDCP kabisa, kwa hiyo adapta itapitisha menyu na filamu yenye ulinzi itakataa, au itashushwa ubora.

Linaloniudhi ni kwamba ufunguo mkuu wa HDCP ya zamani ulivuja mwaka 2010, na Intel wakakiri ni wa kweli. Mwizi ana njia zake. Anayehangaika na kioo cheusi ni bibi aliyelipia.

Ila kama picha inatoka lakini ina ukungu, na kisanduku ni cha Android cha bei rahisi, usiguse waya. Angalia kiwango cha Widevine, ulinzi wa Google wa filamu za mtandaoni; L1 ndicho cha juu, L3 cha chini. Kikiwa L3 badala ya L1, huduma kubwa za filamu kwa kawaida zitakupa picha iliyo chini ya HD, hata tivii iwe nzuri vipi. Hiyo haitengenezwi kwa bisibisi. Ni kubadilisha kisanduku.