Ugomvi Wangu Si na Mlonge

Wiki hii tena. Mama mmoja wa Pasua, hapa Moshi, kaja kliniki na binti wa miaka 12, akafungua simu kabla sijashika kadi: "Nesi, sikiliza hii kwanza." Sauti ya WhatsApp. Mwanzoni mtu anafundisha kusafisha damu kwa mlonge na tangawizi. Katikati, bila kuvuta pumzi, mlonge unageuka mabeberu: wanatupunguza, wakubwa wamelipwa, chanjo ya HPV, ile ya saratani ya mlango wa kizazi, inafunga vizazi vya mabinti zetu. Mwisho, namba ya kulipia chupa.

Msiniambie ni elimu ndogo. Mama huyu ni mwalimu.

Wala sigombani na majani. Kiungo kikuu cha dawa mseto ya malaria asili yake ni artemisia, mmea ambao umelimwa hata huku kaskazini. Kinachonikera ni ile kona ya katikati, kutoka mlonge kwenda mabeberu, kwa sababu siasa ndiyo inayouza chupa. Mlonge peke yake hauna haraka, utaununua kesho. Ukishaaminishwa kwamba kuna watu wanapanga kumaliza uzao wako, chupa inakuwa kinga na nesi anahesabiwa kwa adui. Nikitoa ushahidi, ndiyo dalili kwamba nimenunuliwa. Mwaka 2011 watu walimiminika Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha dawa ya mti cha Babu, mchungaji mstaafu, kwa shilingi 500. Wapo walioacha ARV, dawa za VVU, na iliniuma sana, lakini hakuna aliyerudi akiniona msaliti.

Chanjo yenyewe haina homoni wala kirusi hai, ni protini za ganda la kirusi tu. Inakinga saratani ya mlango wa kizazi. Kilimanjaro tulianza 2014, nchi nzima 2018. Mabinti wa mwanzo sasa wananiletea watoto wao kupimwa uzito.

Ila hofu ina mizizi. Kano, Nigeria, mwaka 1996, Pfizer ilijaribu dawa ya Trovan kwa watoto wenye homa ya uti wa mgongo, na wazazi wakasema hawakuelezwa kwamba ni majaribio. Mama aliponitajia hilo nikamjibu, "Hiyo ni Nigeria," maana foleni ilikuwa ndefu. Nilikosea. Sisi tunafika shuleni na kibebeo cha chanjo, tunachoma, tunaondoka. Muuza chupa anajibu meseji mpaka saa sita usiku.

Jana nimempigia. Tumeongea habari za Kano tu, chanjo sikuitaja. Amesema Jumatano atapita.