Seli za utumbo zinafanya nini tumboni?

Wiki iliyopita nililetewa kipande cha nyama kutoka tumboni (yaani kwenye mfuko wa chakula) kwa mama mmoja wa miaka hamsini na kitu (umri nimeubadilisha kidogo). Fomu iliyoambatana nacho ilikuwa na maneno matatu: "maumivu ya tumbo". Basi. Kipande chenyewe ni kidogo kuliko punje ya mchele. Kililowekwa kwenye fomalini, kikagandishwa kwenye nta, kikakatwa wembamba usiofikia unene wa unywele, kikatiwa rangi ya waridi na zambarau. Nilipokiweka chini ya hadubini, nikaona seli zilizojaa ute, zimetuna kama vikombe. Seli hizo kwao ni kwenye utumbo. Tumboni ni wageni.

Hali hiyo tunaiita metaplasia ya utumbo. Si kansa, na wengi walio nayo hawataipata kansa maishani. Ila ni kituo kimoja katika safari ambayo mpatholojia (daktari anayesoma vipande kama hivi) wa Colombia, Pelayo Correa, aliichora na wenzake mwaka 1975. Utando wa tumbo unavimba na uvimbe hauishi. Tezi za tindikali zinakufa kidogo kidogo. Mahali pake zinaota seli zenye sura ya utumbo. Hizo nazo zinaanza kukua hovyo. Mwisho wa yote ni kansa. Yote hayo huchukua miongo. Wakati huo Correa hakujua nani anaendesha gari. Dereva alikamatwa Perth, Australia, mwaka 1982, Barry Marshall na Robin Warren walipofanikiwa kumwotesha maabara bakteria tunayemwita leo Helicobacter pylori.

Swali ninaloulizwa kila siku ni hili: "Daktari, nimepimwa nina H. pylori, ndiyo nitapata kansa?" (Kama ulipimwa damu, kipimo hicho kinaweza kuendelea kusema "unaye" muda mrefu baada ya dawa kumwua. Pima choo au pumzi.) Jibu langu ni kwamba walio naye duniani ni mabilioni, na wanaopata kansa ni wachache sana kati yao. Kinachonisumbua mimi ni kwa nini wawe hawa na si wale.

Twende tena Colombia, mkoa wa Nariño. Tumaco ni mji wa pwani ya Pasifiki, wakazi wake wengi wana asili ya Afrika. Túquerres iko milimani, kama mita 3,000 juu ya bahari, na watu wake wengi wana damu ya wenyeji wa Amerika. Kote kuwili karibu kila mtu mzima ana bakteria huyu. Lakini saratani ya tumbo milimani ni takriban mara 25 ya ile ya pwani.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulipima jeni za watu na jeni za bakteria wao kwa pamoja. H. pylori alitoka Afrika na binadamu makumi ya maelfu ya miaka iliyopita, na kila jamii ikabaki na ukoo wake wa bakteria, kama mpangaji aliyezoeana na mwenye nyumba. Pwani, bakteria wenye asili ya Afrika waliishi ndani ya watu wenye asili ya Afrika, na madhara yalikuwa madogo. Milimani, kadiri bakteria alivyokuwa na asili zaidi ya Afrika ndani ya mtu mwenye damu ya wenyeji wa Amerika, ndivyo utando ulivyoharibika. Mpangaji yuleyule, nyumba nyingine, ugomvi. Minyoo nayo inatajwa: panya wa maabara waliopewa minyoo pamoja na bakteria wa jamii hii walipata uharibifu mdogo wa tezi, kwa kuwa minyoo hupoza hasira ya kinga ya mwili. Na hasira hiyo ndiyo inayochoma utando miaka yote.

Bakteria naye ana silaha. Baadhi yao wana kitu kama sindano kinachodunga protini iitwayo CagA ndani ya seli ya tumbo. Ikishaingia inashikana na kimeng'enya SHP2, na seli inapata amri ya kukua ambayo mwili haukuitoa. CagA ya Asia Mashariki hushikana kwa nguvu kuliko ya nchi za Magharibi.

Jambo linalowashangaza wanafunzi wangu: kwenye slaidi ya kansa yenyewe, mara nyingi bakteria simwoni. Tezi zikishakufa tindikali inapungua, na utando wenye sura ya utumbo haumfai, anahama. Ukifika umechelewa, unakuta majivu, aliyewasha moto hayupo. Ndiyo maana dawa za kumwua husaidia zaidi zikitangulia.

Huku kwetu, ripoti za zamani zilionyesha saratani ya tumbo ikijikusanya miteremko ya Kilimanjaro na nyanda za juu za Rwanda na Burundi, ilhali bakteria yuko kila kona. Mwaka 1992 likazuka jina "kitendawili cha Afrika", kwamba bakteria ni wengi na kansa ni chache. Sikulipenda kamwe. Pale ambapo kamera ya tumbo haipo, kansa itahesabiwaje?

Yule mama hakuwa na bakteria kwenye kipande chake. Nilimpigia simu daktari aliyemtuma, nikamuuliza mgonjwa amekulia wapi. Akacheka: "Kwani kansa inauliza kwenu wapi?" Nikamwomba amuulize tu. Baada ya nusu saa akanipigia.

"Rombo, Kilimanjaro," akasema. "Kule juu kabisa. Na anasema baba yake alikufa kwa tumbo."