William Hackett, mchimba makaa aliyegoma kutoka handakini

Ukitaja Vita vya Kwanza vya Dunia watu wengi wanawaza mitaro na matope tu, kumbe chini ya ile mitaro kulikuwa na vita nyingine kabisa, watu wanachimba kimyakimya kwenda chini ya adui wamlipue na baruti na adui naye anachimba kuja kwao. Uingereza ilianza kuunda makampuni ya wachimbaji, yaani vikosi vya jeshi vya kuchimba, Februari 1915 na haikupoteza muda kufundisha wanajeshi kuchimba, ilibeba watu wa migodini moja kwa moja, wengine wakaja na mtindo wao wa kulala chali unasukuma sepetu kwa miguu ili udongo ukatike bila kelele. Gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu, kwa hiyo walishuka na ndege wa kanari au panya, kanari akianguka na wewe toka haraka.

Sasa Hackett. Mzaliwa wa Nottinghamshire, miaka 23 kwenye makaa ya mawe, jeshi la miguu lilimkataa mara tatu kwa umri ila Oktoba 1915 kikosi cha wahandisi wa jeshi kikamchukua akiwa na miaka 42. Jamaa hata kuandika barua alikuwa anaandikiwa!

Juni 22, 1916 karibu na Givenchy, Ufaransa, Wajerumani wakalipua bomu lao chini ya ardhi, watu watano wakafukiwa mita kama 12 chini. Waokoaji walichimba masaa 20 mpaka wakapata katundu, Hackett akasaidia watatu kutoka, yeye mzima kabisa angeweza kufuata lakini alibaki kijana Thomas Collins, miaka 22, ameumia vibaya hapiti pale, basi mzee akakataa kumwacha. Dari likashuka. Wenzao walichimba siku nne zaidi, wapi, wako hukohuko mpaka leo.

Alice, mjane wake, alikabidhiwa Victoria Cross ya mumewe, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, ndiyo pekee iliyokwenda kwa mtu wa makampuni ya wachimbaji. Ila kuna kitu kinanikera mimi binafsi, hawa wawili wamelala sehemu moja lakini jina la Hackett liliandikwa kwenye mnara wa Ploegsteert, Ubelgiji, na la Collins kule Thiepval, Ufaransa. Mnara wa wachimbaji pale pale Givenchy umekuja kuzinduliwa 2010.