Wati 3,000 kwenye fyuzi ya ampea 30

Wiki iliyopita kijana mmoja aliingia bandani kwangu Gerezani, Dar es Salaam, na amplifaya mbili za gari ndani ya kiroba. Moja mpya, boksi lake limeandikwa WATI 3,000 kwa herufi za dhahabu. Nyingine ya mtumba, imechubuka kona zote, imeandikwa wati 500 tu.

"Fundi, hii kuukuu naiuza, nifungie hii mpya. Ila naogopa, sabufa yangu si itapasuka?"

Nikaigeuza ile mpya nikatafuta fyuzi. Iko moja, ya ampea 30, yaani umeme ukizidi hapo inakatika.

Wati ni volti mara ampea, hakuna uchawi. Gari likiwa linaunguruma, oltaneta inatoa kama volti 14.4. Zidisha kwa 30, unapata 432. Na hizo ni wati zinazoingia. Amplifaya ya klasi AB (mtindo wa zamani, unaopoteza umeme mwingi), kama hiyo mpya, inatoa nusu hadi asilimia 60 hivi kama muziki. Zinazobaki zinakuwa joto, ndiyo maana ukiigusa baada ya safari unarudisha mkono haraka. Kwa hiyo 3,000 ya boksi, ikijitutumua sana, ni 250. Ile ya mtumba ni klasi D, inayowasha na kuzima transista haraka sana na kupoteza umeme kidogo, ambayo hufika asilimia 80, na ina fyuzi mbili za 30. Zinaingia wati 864, zinaweza kutoka karibu 690. Aliyeandika 500 hakutia chumvi.

Lakini usikimbilie sokoni na hesabu ya fyuzi peke yake. Fyuzi inakuonyesha dari, haikuonyeshi mwenye nyumba ana urefu gani. Nimeshafungua amplifaya zenye fyuzi mbili za 40 juu ya bodi isiyoweza kuvuta hata ampea 25. Wenye viwanda nao wameshajua kwamba sisi tunaangalia fyuzi.

Basi nikachukua bisibisi, nikafungua zote mbili.

Cha kwanza ninachoangalia ni transfoma ya duara, ile pete iliyozungushiwa waya wa kopa. Volti za gari zikiachwa zilivyo, kwenye spika ya omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani, zikipungua umeme mwingi unapita) haziwezi kusukuma zaidi ya wati 20 na kitu. Ndiyo maana redio ya gari iliyoandikwa "50 x 4" huishia hapo hapo. Amplifaya inatakiwa ipandishe volti kwanza, na kazi hiyo ni ya pete hiyo pamoja na transista zinazoilisha. Pete ikiwa ndogo, hata uandike nini kwenye boksi, umeme wa kutosha haupiti. Ya mtumba pete yake ilikuwa kama kitumbua. Ya 3,000 ilikuwa kama kizibo cha soda, na bodi yenyewe ilichukua theluthi moja ya kasha. Sehemu iliyobaki ilikuwa aluminiamu na hewa.

Kuna na mengine: transista za ile mpya zilishikizwa kwa skrubu mojamoja bila grisi ya kupitisha joto, na bodi ni ile ya kahawia ambayo ukiirudia kwa solda mara mbili njia zake zinabanduka. Zamani tulipima ubora kwa kunyanyua tu. Nzito ndiyo nzuri. Klasi D imeharibu kipimo hicho, maana nyepesi inaweza kuizidi nzito mara mbili.

Kinachonichekesha ni kwamba kuna wakati uongo ulikwenda upande wa pili. Marekani, miaka ya 1980 na 1990, mashindano ya muziki wa magari yaligawa washindani kwa wati zilizoandikwa. Viwanda vikaandika kidogo makusudi. Orion 225 HCCA iliandikwa wati 25 kwa kila upande kwenye omu 4, lakini ukiishusha hadi nusu omu inatoa 200 kila upande, na wewe bado umo kwenye kundi la wadogo!

Siku hizi kipimo cha haki kipo, kinaitwa CTA-2006: volti 14.4, omu 4, mkwaruzo usizidi asilimia 1. Ukikuta jina hilo limeandikwa pamoja na RMS, yaani nguvu ya kudumu na si ya mshtuko wa mara moja, una cha kushika. Neno "MAX" halina kipimo chochote nyuma yake. Na usigombane na muuza duka kwa tofauti ya 400 na 500, maana kwa kipimo cha ukali wa sauti hiyo ni desibeli moja, sikio halishtuki.

Kijana hakuridhika na maneno, na sikumlaumu. Nikazifunga kwenye rizista nene nilizozamisha kwenye ndoo ya maji, nikapiga mlio wa hezi 50, nikaweka mita. Kwenye omu 4, ile mpya ilifika volti 27 ikaanza kukwaruza. Ishirini na saba mara ishirini na saba, gawa kwa nne: wati 182.

"Mdogo wangu," nikamwambia, "sabufa yako haina cha kuogopa hapa."

Akafunga ya mtumba. Ile ya 3,000 aliniachia. Kasha lake ni refu na halichomeki, sasa naegeshea solda ikiwa ya moto.