Dishi Kubwa Halisafishi Picha

"Fundi, nikiweka dishi kubwa zaidi, picha itakuwa safi zaidi?" Hapana. Nimelijibu swali hili juu ya mapaa, kwenye simu, hata msibani. Sasa naliandika, ili atakayeniuliza tena nimtumie hapa nami niendelee na kazi.

Zile chenga za enzi ya analojia zimekwisha. King'amuzi kinapokea data. Makosa yakiwa machache kinayasahihisha chenyewe, na unachokiona ni kile kile kilichorushwa na kituo. Makosa yakizidi, picha inakatika vipande, inaganda, halafu unaambiwa hakuna mawimbi. Kutoka picha nzima hadi picha iliyokufa pana umbali mdogo sana, desibeli (kipimo cha nguvu ya mawimbi) moja hivi. Ukishakuwa upande wa uzima, dishi la sentimita 60 na la sentimita 120 zitakupa picha moja. Kama chaneli yako ina ukungu, mlalamikie aliyebana chaneli nyingi kwenye transponda (mtambo wa kurushia ulio ndani ya setilaiti) moja.

Unachonunua kwa dishi kubwa ni akiba. Kutoka sentimita 60 kwenda 90 eneo linaongezeka mara 2.25, sawa na desibeli 3.5. Akiba hiyo huliwa na mvua, hasa kwenye masafa ya Ku, yale ya madishi madogo ya nyumbani, maana matone yanameza mawimbi na papo hapo yanaongeza kelele, yaani mawimbi ya ovyo yasiyo na picha. Sasa hapa ndipo watu wanapojikwaa: dishi kubwa linaona kipande chembamba zaidi cha anga. La sentimita 60 linaona kama nyuzi 3, la 120 nusu yake. Uliyelenga la kwanza kwa macho na bahati, la pili litakuumbua. Na ukilifunga kwenye nguzo inayoyumba, upepo mmoja tu unatosha kukurudisha nyuma ya pale ulipoanzia.

Niseme ukweli kuhusu ukubwa: ramani ya setilaiti inakupa kipimo kinachopendekezwa, nami nikiwa na nafasi naongeza hatua moja. Hakuna hesabu hapo. Ni kuogopa mvua tu.

Tuje kwenye kinachonitoa povu. Menyu ya king'amuzi ina mistari miwili, Nguvu na Ubora, na kila mtu anakodolea macho Nguvu. "Fundi, iko asilimia 85, mbona picha hakuna?" Kwa sababu Nguvu inapima kila kitu kilichofika kwenye king'amuzi, pamoja na kelele ya LNB yenyewe, kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi. Lielekeze dishi kwenye anga tupu, na bado unaweza kusoma Nguvu asilimia 60. Ubora utakuwa sifuri. Ubora unakwambia mawimbi unayoyataka yamezidi kelele kwa kiasi gani, na hilo ndilo linaloamua kama utaangalia mpira au utaangalia kioo cheusi. Mimi nalenga kwa Ubora, nazungusha LNB kwenye kishikio chake kwa Ubora, nakaza nati nikiangalia Ubora, kwa sababu nati ya mwisho huwa na tabia ya kulivuta dishi pembeni. Asilimia zenyewe usizilinganishe na za jirani mwenye king'amuzi kingine. Kila mtengenezaji ana kipimo chake.

Kutokana na kuabudu Nguvu, watu wananunua busta, kifaa cha kukuza mawimbi kwenye kebo. Busta inaikuza kelele pamoja na mawimbi, sawa na kumpa mnong'onaji kipaza sauti kinachochukua na soko zima. Mstari wa Nguvu unapanda, mteja anafurahi, picha inabaki imeganda. Kazi halali ya busta ipo: kebo ndefu sana, nayo ifungwe karibu na LNB kabla mawimbi hayajapotea njiani. Lakini LNB tayari inakuza desibeli 50 hadi 60. Mita 30 za kebo nzuri ya RG-6, ile ya kawaida ya dishi, zinapoteza kama desibeli 10 tu kwenye masafa ya juu ya kebo, karibu megahezi 2150. Hapo busta ya nini?

Kebo kwa kawaida haikuui kwa urefu. Inakuua kwa maji, kwa konekta na kwa umeme. Uzi mmoja wa wavu (nyuzi zinazouzunguka waya wa kati) ukigusa waya wa kati, ni shoti. Maji yakiingia kwenye konekta ya juu yanateremka ndani ya wavu hadi sebuleni. Ukiona shaba imekuwa kijani au nyeusi, usikaushe, kata na utupe. Kabla kebo haijaingia ukutani iachie mkunjo wa kuning'inia, maji yadondokee hapo.

Kumbuka pia kwamba kebo hiyo hiyo ndiyo inayoilisha LNB: volti 13 kwa chaneli za wima (mawimbi yake yanasimama), 18 kwa za mlalo (yanalala), na mlio wa kilohezi 22 kwa masafa ya juu. Zikipotea za mlalo peke yake, acha dishi, tafuta volti inapopungukia.

Wenzangu watanuna kwa hili: waya wa kati wa chuma uliopakwa shaba si feki. Umeme wa masafa haya hupita kwenye ngozi ya waya, na ngozi ni shaba. Tofauti inaonekana kwenye volti za LNB, tena kebo ikiwa ndefu. Kwa mita 15 usigombane na muuzaji.

Kuna ugonjwa mmoja usio na adabu: picha inakata saa nane mchana, jioni inarudi. Nabadilisha konekta zote mbili na kebo kwa mpigo mmoja, na mara nyingi inapona. Mteja akiuliza mkosaji alikuwa nani, jibu la kweli ni kwamba sijui.

Televisheni ya pili? Splita ya kawaida, ya kugawa kebo moja mara mbili, haifai. King'amuzi kimoja kikiomba volti 18, kinachohitaji 13 kinakosa chaneli zake. Weka LNB ya matundu mawili na kebo mbili. Na siku unayofungua dari, vuta zote mbili hata kama televisheni bado ni moja.