Je, wajua kwa nini bakteria aliye kwenye damu ni mgumu kunaswa?

Kati ya mwaka 1998 na 2002, watafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, walikuwa wakiotesha maabara damu ya watoto waliolazwa katika hospitali ya wilaya, ili kuona kama ina bakteria. Watoto 1,094 walikutwa na bakteria kwenye damu, na 308 kati yao walifariki. Kinachouma zaidi ni muda: theluthi moja ya vifo hivyo ilitokea siku ileile ya kulazwa, na takriban 7 kati ya 10 ndani ya siku mbili. Sasa, siku mbili ndizo ambazo maabara mara nyingi huzihitaji kumjua bakteria kwa jina. Kwa wengi wa watoto hao, jibu la kuotesha lisingewahi.

Kuotesha ni kumsubiri bakteria azaliane. Damu huingizwa kwenye chupa yenye virutubisho, chupa ikawekwa kwenye joto linalokaribia la mwili, kisha mashine hukaa ikivizia hewa ya ukaa (kabonidioksidi) ambayo bakteria huitoa wanapoongezeka. Chupa ikishatoa ishara, bado kuna kazi ya kumtambua na kujua ni dawa gani inamuua. Muda wote huo daktari anatibu kwa kubashiri.

Basi kwa nini tusitafute tu vinasaba vyake kwa kipimo cha PCR, kile tulichokizoea wakati wa Uviko-19, ambacho hunakili vinasaba mara nyingi mpaka vionekane? Kizuizi ni damu yenyewe. Mililita moja ina chembe nyekundu zipatazo bilioni 5 na chembe nyeupe milioni kadhaa. Bakteria, hata kwa mgonjwa aliye mahututi, mara nyingi hawafiki 10 katika mililita hiyo. Chembe nyeupe zinajaza sampuli vinasaba vya binadamu. Chembe nyekundu hazina vinasaba, lakini himoglobini yake huvuruga kimeng'enya kinachofanya kazi ya kunakili, na kipimo kinaweza kusema "hakuna" wakati bakteria yumo.

Ndiyo maana ujanja mkubwa uko kwenye kuiandaa damu. Kipimo cha T2Bacteria, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2018, hupasua kwanza chembe nyekundu, kikazungusha sampuli kwa kasi ili bakteria watuame chini, kisha kikawatikisa pamoja na vishanga vidogo mpaka kuta zao ngumu zivunjike na vinasaba vimwagike. Hapo kunakili kunaanza. Kila mzunguko huongeza nakala maradufu, hivyo kwa hesabu, mizunguko 30 hugeuza kipande kimoja kuwa zaidi ya bilioni moja. Mwishoni chembechembe za sumaku hushikamana na nakala hizo, na mashine husoma mabadiliko ya usumaku. Jibu hutoka kati ya saa 3 na 5, moja kwa moja kutoka kwenye damu, bila kuotesha.

Hata hivyo, kipimo hicho kilipoidhinishwa mwaka 2018 kiliwajua bakteria wa aina 5 tu. Aliye nje ya orodha ya kipimo haonekani. Vinasaba pia hubaki kwenye damu hata baada ya bakteria kufa, kwa hiyo jibu chanya halithibitishi kwamba bado yu hai. Na kuhusu usugu wa bakteria kwa dawa, vipimo vya aina hii hutambua jeni zilizokwisha kujulikana. Kuona kama dawa inamuua kweli, lazima bakteria mwenyewe awekwe pamoja na dawa.

Kwa maoni yangu, kwa hospitali zetu njia iliyo karibu zaidi ni ya katikati: chupa ioteshwe, na ikitoa ishara tu, vinasaba vipimwe papo hapo. Mashine ya GeneXpert, ambayo hospitali nyingi Afrika Mashariki zinaitumia kupima kifua kikuu, ina katriji (kikasha kidogo cha kipimo kinachochomekwa kwenye mashine) ya kumsaka bakteria aitwaye *Staphylococcus aureus* kwenye chupa kama hiyo na kuonyesha kama ni sugu kwa methisilini, antibiotiki ya jamii ya penisilini, kwa muda wa saa moja hivi. Mashine tayari ipo. Kinachokosekana mara nyingi ni katriji hiyo, na kabla yake, chupa ya kuoteshea iliyochukuliwa kabla mgonjwa hajachomwa antibiotiki ya kwanza.