Wasiwasi wa kutengana: mtoto wa mbwa anapolia nyuma ya mlango

Saa tatu usiku. Umefunga grili, umezima taa ya barazani, na yule mgeni wa siku nne anaanza. Kwanza sauti nyembamba, kama bawaba isiyotiwa mafuta. Kisha kucha kwenye bati la chini ya mlango. Kisha kilio chenyewe, kile cha kuamsha mtaa. Na katikati ya kilio ananyamaza kidogo, sekunde mbili hivi, kichwa kakiinamisha upande, anasikiliza kama kuna nyayo zinakuja. Hizo sekunde mbili ziweke akilini, tutazirudia.

Ndani ya nyumba maoni huwa mawili. Baba anasema anadeka huyo, mwacheni, atazoea. Watoto wanasema jamani analia, tumfungulie. Basi siku ya kwanza anaachwa, siku ya pili anafunguliwa, siku ya tatu anapigwa kandambili, na baada ya mwezi nyumba ina mbwa anayemganda mtu kama ruba, hawezi hata kusubiri mtu atoke chooni.

Wataalamu wa tabia za wanyama wana jina la hali hiyo: wasiwasi wa kutengana. Maana yake ni hofu inayompata mnyama anapotenganishwa na yule anayemtegemea, hofu kubwa kiasi kwamba hawezi kujituliza mwenyewe. Neno la kushika hapo ni hofu. Si kisasi, si ukorofi, wala si kwamba "anajua anachofanya". Moyo unamwenda mbio, anahema, mate yanamchuruzika, na anaweza kujikojolea ingawa alitoka kukojoa dakika kumi zilizopita.

Ila si kila kilio cha nyuma ya mlango ni wasiwasi huo. Mtoto wa mbwa (kamusi zinamwita kilebu, ingawa sijawahi kusikia mtu akiita hivyo mtaani) analia pia kwa njaa, baridi na haja. Makadirio ya kawaida ni kwamba anaweza kubana mkojo kwa saa zinazolingana na umri wake wa miezi, ukiongeza moja: wa miezi miwili, saa tatu hivi, na hapo bado unambahatisha. Yupo pia anayetafuna ndala kwa sababu tu hana kazi nyingine ya kufanya. Huyo mpe kazi, yatakwisha.

Sasa fikiria umri wake. Kwa kawaida anaachanishwa na mama akiwa na wiki nane. Usiku wa jana yake alilala kwenye lundo la ndugu watano, pua imezama kwenye tumbo la mwenzake. Kwa kiumbe wa umri huo kubaki peke yake ni hatari ya kweli, na sauti aliyopewa kwa ajili ya hatari hiyo ni hii hii inayokukosesha usingizi. Kwa hiyo kilio cha wiki ya kwanza si ugonjwa hata kidogo. Mtoto mzima wa afya anatakiwa alie. Ugonjwa tunautengeneza sisi baadaye, kwa namna tunavyoujibu mlango.

Dhana yenyewe ilikua kwanza kwa watoto wa binadamu, na sehemu ya historia yake iko hapa hapa kwetu. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Uganda, akaanza kuwatembelea akina mama wa Kiganda katika vijiji vya karibu na Kampala, familia 26 kwa jumla. Alikuwa anakaa nao nyumbani na kutazama. Mtoto anatambaa kumwacha mama, anakwenda kushika kitu, anageuka kumwangalia, anaendelea. Mama akitoka nje, mchezo unakatika. Alichokiona ni kwamba mama ni kama gati: chombo hakifungwi pale siku zote, lakini kinathubutu kwenda mbali kwa sababu kinajua pa kurudi. Baadaye, akiwa Baltimore, Marekani, aligeuza mawazo hayo kuwa jaribio la chumbani, ambamo mama anatoka, mgeni anaingia, mama anarudi, na mtoto anatazamwa anavyompokea. Mwaka 1998 watafiti wa Budapest, Hungaria, walilichukua jaribio hilo wakalifanya kwa mbwa 51 na wenye mbwa wao. Mbwa walicheza zaidi mwenye wao alipokuwapo, walisimama mlangoni alipotoka, na walimkimbilia aliporudi kuliko walivyomkimbilia mgeni. Kwa mbwa, wewe ndiye gati.

Nimeeleza hayo kwa urefu kwa sababu yanapindua ushauri wa "mkomeshe asikuzoee". Kinachomfanya athubutu kubaki nje ni kuwa na hakika nawe, na hakika hiyo haipatikani kwa kumpuuza.

Je, kumweka nje ni ukatili? Mimi nasema hapana. Nyumba zetu nyingi mbwa hukaa nje, na kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafi, ambao ndio wengi pwani, mate ya mbwa ni najisi, kwa hiyo suala la kumlaza sebuleni halipo kabisa. Mbwa hahitaji kochi. Anachohitaji ni sheria moja tangu siku ya kwanza. Tatizo kubwa nililoliona, na nililitenda mwenyewe kwa mbwa wangu wa kwanza, ni hili: wiki tatu analala ndani juu ya kanga ya zamani, kila mtu anambeba, kisha siku anayokojolea zulia inatoka amri na anatupwa nje usiku huo huo. Kwake yeye dunia imebomoka bila sababu. Kama makazi yake ni nje, yaanze nje, na wewe ndiye utoke ukakae naye huko.

Banda nalo liwe karibu na mlango wa jikoni, si kule mwisho wa ukuta karibu na jalala. Hapo anasikia sufuria, anasikia redio, anasikia watu wakipita. Ndani weka gunia kavu na kitambaa ulichokivaa, kisichofuliwa. Chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kwenye taulo inasaidia usiku wa baridi. Usiku tatu nne za mwanzo, mtu alale karibu na mlango huo kwa upande wa ndani, amsikie akigeuka na kuamka. Najua wapo watakaocheka. Wacheke.

Mlango wa grili ni chombo kizuri kuliko vyote ulivyonavyo, nami nashangaa watu hawautumii. Unamzuia asipite lakini haukufichi: anakuona, anakunusa. Anza mchana, akiwa ameshakula, ameshakojoa na amechoka kucheza. Yeye barazani, wewe ndani, grili katikati. Rudisha grili, hesabu moja, mbili, tatu, dondosha dagaa mmoja upande wake, fungua. Dagaa wawe wakavu wasio na chumvi. Ni wadogo na wananuka kiasi cha kumsahaulisha mengine. Rudia. Kisha piga hatua mbili kuelekea jikoni na urudi. Kisha ingia jikoni, asikuone kwa muda wa kufunua sufuria, urudi. Lengo lote ni kurudi kabla hajaanza kulia. Akilia, maana yake umerefusha mno, punguza.

Muda usiupandishe kama ngazi. Sekunde tano, halafu ishirini, halafu nane, halafu dakika moja, halafu unashuka tena hadi sekunde kumi. Akigundua kwamba kila zamu ni ndefu kuliko iliyopita ataanza kuogopa mazoezi yenyewe. Akiweza dakika kumi na tano kwenye grili bila kuhangaika, ndipo unaanza upya na mlango wa mbao, na unaanza upya kweli, toka sekunde tatu. Njia hii ya kuzoesha hofu kidogo kidogo ilisambazwa na daktari wa Afrika Kusini, Joseph Wolpe, aliyeandika juu yake mwaka 1958 kwa ajili ya wagonjwa wake binadamu. Kwa mbwa inafanya kazi vilevile, sharti ni hilo la kutomvusha pale anapoanza kuogopa.

Tuzirudie zile sekunde mbili. Tuseme umechelewa na ameshaanza kulia. Ukifungua anapolia, amejifunza kwamba kilio ni ufunguo. Ukimpuuza mara tisa ukachoka ya kumi ukafungua, amejifunza jambo baya zaidi: kwamba inabidi kulia mara kumi. Ndiyo maana nyumba ambayo baba anakaza na watoto wanafungua kwa siri hupata mbwa anayelia saa nzima bila kukata tamaa, kama mcheza bahati nasibu aliyewahi kushinda siku moja. Kwa hiyo ngoja akanyage breki mwenyewe, anyamaze kusikiliza, hapo hapo ujitokeze. Unalipa ukimya. Mwanzoni unalipa ukimya wa sekunde mbili, kesho wa tano. Hii haina maana umwache alie hadi sauti imkauke. Aliyefikia kutoa mate na kujigonga mlangoni hajifunzi kitu, mwendee.

Kuna na ishara za kuondoka. Mbwa haogopi mlango tu, anaogopa funguo, mkoba, viatu vya kazini, hata ule mlio wa kufunga zipu. Ni habari ile ile ya Pavlov, Mrusi aliyeona mbwa wakidondokwa mate kabla chakula hakijafika. Zivunje ishara hizo: chukua funguo uende ukakae kula chungwa. Vaa viatu uangalie taarifa ya habari. Baada ya siku kadhaa funguo zinakuwa kelele tu. Na ukiondoka kweli, ondoka bila hotuba. Ukirudi, ingia, weka mizigo, kunywa maji, umsalimie akishatulia.

Kumpiga, au kumburuta hadi penye uharibifu na kumgombeza, kunaongeza hofu juu ya hofu. Watu husema "tazama anavyoinamisha macho, anajua kosa lake". Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa New York alilipima jambo hilo kwa mbwa 14, na ikaonekana sura hiyo ya hatia inatokana na mwenye mbwa kufoka, awe mbwa amekosa au hajakosa. Aliyesingiziwa alijiinamia vilevile. Na wale wanaomfungia mbwa bandani mchana kutwa asione mtu ili awe mkali usiku, wanapata mwoga anayebweka kila kitu, pamoja na paka na mvua.

Utajuaje kwamba limepita uwezo wako? Acha simu ikirekodi, utoke nusu saa. Wasiwasi wa kweli kwa kawaida hujionyesha ndani ya nusu saa ya kwanza. Anazunguka, anakuna mlango ule ule uliotokea wewe, anavunja kucha au meno kwenye wavu, na nyama uliyomwachia haigusi mpaka urudi. Hilo la nyama nalipa uzito sana, maana mbwa aliyechoshwa tu na upweke atakula kwanza ndipo alalamike. Hapo mtafute daktari wa mifugo. Dawa zipo: Marekani iliidhinisha clomipramine kwa mbwa wenye tatizo hili mwaka 1998 na fluoxetine mwaka 2007, lakini ziliidhinishwa ziende pamoja na mafunzo, si badala ya mafunzo. Usimpe vidonge vyako vya usingizi. Kuleta mbwa wa pili nako mara nyingi hakumalizi shida, kwa sababu anayemtafuta ni mtu.

Na hata aliyekwisha kuzoea anaweza kurudi nyuma. Kwangu hutokea Januari, shule zinapofunguliwa. Desemba nzima watoto wapo, anashinda nao uani, kisha asubuhi moja masanduku yanatolewa, gari linaondoka, na usiku ule kucha zinarudi kwenye bati. Simgombezi. Kesho yake nachukua dagaa, natoka barazani, tunaanza tena na sekunde tatu. Safari hii humchukua siku mbili au tatu tu.